Nani Aliichakaza Q?

Maneno niliyoyasema mbele ya vijana wa ubunifu, wachapaji wa fulana na waandika mabango hapa Mwanza. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.

Mwadila, ndugu zangu. Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nivumilieni. Nimepewa nusu saa, na mnaijua nusu saa ya fundi ilivyo.

Nimeombwa nizungumzie herufi, tena si herufi zote. Ni zile nene, pana kifua, zilizokwaruzwa na kutobolewa makusudi ili zionekane zimeishi maisha magumu. Dukani kwangu tunaziita herufi chakavu. Mteja yeye anasema, "Kaka, niwekee ile ya kuchubukachubuka," na tunaelewana. Mnaziona kwenye fulana za timu, kwenye pakiti za kahawa, kwenye matangazo ya shoo, kwenye kofia, kwenye kioo cha nyuma cha daladala. Kazi yake ni kichwa cha habari: neno moja, mawili, yakizidi sana matano. Ukiiandikia aya nzima umemtesa msomaji bure.

Sasa naomba kijana mwenye kompyuta aniwekee ukutani neno DAGAA, kwa fonti ile tuliyokubaliana. Haya, asante. Zitazameni hizo A tatu. Ya kwanza ina kovu kwenye mguu wa kulia, kama jino lililong'oka. Ya pili ina kovu lile lile, mahali pale pale. Ya tatu vivyo hivyo, na hizi mbili za mwisho zimekaa bega kwa bega kama mapacha walioanguka na baiskeli moja. Hakuna ukuta wala ubao unaobanduka rangi namna hiyo. Mteja anaweza asijue kinachomsumbua, lakini jicho lake limeshajua kwamba anadanganywa.

Fonti ni sanduku. Ndani mna picha moja ya kila herufi, na kila ukibonyeza A unapewa picha hiyo hiyo. Kwa herufi safi hakuna ubaya, maana A zote zinatakiwa kufanana. Makovu ndiyo hayatakiwi kufanana. Hapa ndipo lugha yetu inapoiumbua fonti ya watu, kwa sababu nyingi ya fonti hizi zilichorwa na kujaribiwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ni nadra kuweka A mbili zifuatane. Sisi je? Andika SAMAKI WA KUKAANGA. Hizo ni herufi 16, na 6 kati yake ni A. K ziko 3. Ukiandika bango la mgahawa kwa fonti yenye A moja, umepiga muhuri mmoja mara sita.

Dawa zipo. Ya kwanza ni ya mkono. Fonti nyingi za aina hii hazina herufi ndogo. Mahali pa herufi ndogo mchoraji ameweka herufi kubwa za pili, zenye makovu mengine. Basi badala ya DAGAA unaandika DAGaA, mapacha wanaachana. Ya kwanza na ya mwisho bado zitafanana, ila ziko mbali. Ukiwa na muda, ligeuze neno liwe mchoro, kisha ichubue ile ya tatu mwenyewe.

Dawa ya pili inafanywa na fonti yenyewe. Mwaka 1989 vijana wawili wa Kiholanzi, Just van Rossum na Erik van Blokland, walitengeneza Beowolf, fonti iliyokuwa ikizivuruga kingo za herufi zake kwa kubahatisha kila inapochapwa, hata A mbili za ukurasa mmoja zisilingane. Mitambo iliyokuja baadaye ikashindwa kuichezesha vile, lakini wazo lilibaki. Microsoft na Adobe walipotangaza OpenType, mfumo mpya wa fonti, mwaka 1996, fonti ikaweza kubeba A nne au tano pamoja na kanuni ya kuzibadilisha kulingana na jirani aliyekaa pembeni. Kwa hiyo kabla hujailipia fonti chakavu, iandikie DAGAA. Ikishindwa hapo, mwachie muuzaji mali yake.

Turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo kuhusu mbao nataka mlijue. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa London walianza kutaka herufi za kupigia kelele ukutani, kwa matangazo ya bahati nasibu na ya maonyesho. Herufi walizokuwa nazo nyingi zilikuwa za vitabuni, za kunong'ona. Wakazinenepesha. Tatizo likawa kwamba herufi kubwa ya madini ya risasi ni nzito, ni ghali, na ikipoa uso wake hudidimia. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuchonga herufi kwenye mbao, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake. Mbao yenyewe ni ngumu, inakatwa kwa kukingama nyuzi zake, uso unabaki kama gogo la bucha. Inabebeka, haigharimu sana, na unaweza kuchonga herufi ndefu kama mkono wako.

Herufi hizo zilitumika miaka na miaka. Zilidondoshwa sakafuni, kingo zikapata mabonde. Zilioshwa wino, zikakauka, zikaoshwa tena. Nyingine zikaisha katikati, zikawa fupi kuliko wenzake kwa unene wa karatasi, hivyo wino ukazigusa pembeni na kuzikosa tumboni. Ile sura ya herufi iliyojaa madoa meupe ndani, mnayoipakua kwa sekunde mbili, chimbuko lake kubwa ni huko.

Sasa jiulizeni: ni herufi gani iliyochakaa zaidi katika sanduku la mchapaji yule? Ni ile iliyofanya kazi zaidi. Kwa Kiingereza ni E. Kama Wells angezaliwa Sengerema, ingekuwa A, tena ingekuwa hoi kabisa. I ingefuata ikichechemea. Na Q? Q ya mchapaji wa Kiswahili ingekuwa mpya kama siku iliyotoka kiwandani, imelala kwenye chumba chake na vumbi lake. X hali kadhalika. Fungueni fonti zenu chakavu leo usiku mtazame Q. Ina makovu sawasawa na A. Nani aliichakaza? Ilitumika wapi? Mchoraji amepitisha msasa mmoja juu ya alfabeti nzima, akaenda kulala.

Mimi jambo hili sikufundishwa na kitabu. Mzee aliyenipa kazi alikuwa akiandika majina ya mitumbwi mwaloni Kirumba. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo, kupiga kamba ya chaki, na kujaza rangi ndani ya mistari aliyochora yeye. Siku moja nikamuuliza kwa nini herufi zake anazinenepesha vile, rangi si inaisha? Hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mtumbwi aliouandika mwaka mmoja nyuma. Jina lake lilikuwa SUBIRA, herufi nyeusi zenye kivuli chekundu.

Nikauchungulia. S ilikuwa karibu na kichwa cha mtumbwi, kamba ya nanga inapopita. Mgongo wake ulikuwa umesuguliwa hadi mbao imeonekana, na msuguo wote ulielekea upande mmoja. Chini ya U kulikuwa na msumari, kutu yake imetiririka ikachora mstari wa kahawia. B ilikuwa imepasuka kwa mlalo, mstari ulionyooka kama rula, kwa sababu hapo mbao mbili zinakutana, zikilowa zinavimba na zikikauka zinasinyaa. Kalafati, zile nyuzi za kuzibia nafasi kati ya mbao, ilikuwa imetoka nje kidogo kama pamba ya mto. R ndipo mahali wavuvi wanapoweka viganja wakisukuma mtumbwi kwenda majini. Pale hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Rangi ilikuwa imeng'aa, imelainika kama mpini wa jembe. A ilikuwa na mistari ya wima, wavu unapovutwa kuingia ndani. Na chini ya herufi zote sita, sehemu inayolambwa na maji na kuburuzwa mchangani, rangi ilikuwa imeliwa kwa kiwango kimoja, mkono wa kushoto hadi wa kulia. Kile kivuli chekundu jua lilikuwa limekigeuza waridi. Nyeusi ilikuwa bado nyeusi.

Na jina lilikuwa linasomeka. Mtumbwi wa jirani ulikuwa umeandikwa na mtu mwingine kwa mwandiko mwembamba wa kupinda, wa kadi ya harusi. Sijui hadi leo uliitwa nani.

Ndiyo sababu herufi chakavu huwa nene. Nyembamba ukiikwaruza inakatika. Nene ina nyama ya kupoteza.

Angalieni pia kwamba kwenye SUBIRA kila kovu lilikuwa na mwenyewe: kamba, msumari, maji, mikono. Ukitaka kuchakaza neno, chagua kwanza kilicholichakaza. Kama ni jua, rangi ipauke lakini kingo zibaki kali. Kama ni fulana iliyofuliwa, nyufa zifuate mikunjo ya kitambaa. Kama ni stensili ya gunia, yaani bati lililokatwa matundu ya herufi, rangi inavuja chini ya bati, kingo zinakuwa na ukungu, na zile daraja zinazoshikilia tumbo la O zinaonekana. Kwenye marobota ya pamba ukiona alama za stensili, rangi imekolea katikati na kufifia pembeni, kwa sababu brashi imegongwa na si kuvutwa. Ukichanganya kutu, mikunjo na madoa ya mbao kwenye neno moja kwa sababu tu programu inakuruhusu, umempiga mtu mmoja kwa magonjwa yote ya hospitali.

Nitawaambia na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya bango la siku ya kuchangia damu katika mtaa mmoja hapa mjini. Nilikuwa nimejifunza mambo haya upya, nina moto. Nikaandika CHANGIA DAMU kwa herufi nene zilizochubuka, nyekundu iliyopauka, karatasi yenye mikunjo ya kuchora. Kompyutani lilikuwa zuri mno. Yakabandikwa. Asubuhi ya siku yenyewe nikapita, nikamkuta mama anayeuza ndizi amekaa chini ya bango langu kabisa. Nikamuuliza, mama, utakwenda kuchangia? Akageuka, akalitazama, akasema, "Hilo si la mwaka jana, baba?"

Tembeeni Mabatini, tembeeni Igoma, mtamwelewa. Kuta zetu zimejaa mabango yaliyochakaa kweli: ya uchaguzi uliokwisha, ya mikutano ya injili iliyokwisha, ya matamasha yaliyokwisha. Macho ya watu yamezoea kuyaruka. Katika miji ambako kila kitu kimepakwa rangi upya, uchakavu unavutia jicho. Kwetu unasema "imepita". Tangu siku ile, nikitumia herufi chakavu kwenye tangazo, naweka kitu kipya pembeni yake: tarehe na mahali kwa herufi safi kabisa, karatasi nyeupe isiyo na doa, rangi moja kali. Uchakavu ukikaa jirani na usafi, mtu anaona kuwa umekusudiwa.

Wachapaji, nanyi niwape yenu kabla hatujachoka.

H ya kawaida, nene, safi, kwenye kompyuta ina nukta 12 tu za kuichora. H chakavu inaweza kuwa na mamia, kwa sababu kila kidoa kina kingo zake. Printa haijali. Mashine ya kukata stika inajali sana, kwa sababu inafuata kila kingo kwa kisu. Niliwahi kukatia daladala neno moja la kioo cha mbele, nikakesha na kibano nikitoa vipunje vya stika kimoja kimoja kama anayetoa mawe kwenye mchele. Nusu yake vilitoka na herufi yenyewe. Kwa stika, tumia herufi safi, au chakavu yenye makovu machache makubwa.

Kwenye fulana mambo yanageuka, huko herufi chakavu ni rafiki. Skrini, ile nguo ya matundu tunayopitishia wino, ikisogea kidogo, rangi ikikosa mahali, nani atajua? Na kwa kuwa wino hauli kitambaa chote, fulana haiwi ngumu kifuani kama plastiki, jasho linapata pa kupita. Ila vidoa vidogo kuliko matundu ya skrini havitashika. Vingine vitaoshwa na maji wakati wa kusafisha dawa ya skrini, vingine vitazibwa na wino. Vifute mapema mwenyewe, usiiachie bahati.

Kwa mabango ya barabarani, mafundi tuna kipimo: sentimita 2 na nusu za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mtu akiwa mita 30, unahitaji sentimita 25. Lakini kwa umbali huo makovu hayaonekani kabisa. Anachokiona ni unene tu. Kwa hiyo bango kubwa la njia ya Nyegezi usihangaike kulipamba vidoa vya milimita mbili, unapendezesha kwa ajili ya ndege.

Namba zisichakazwe. 8 iliyong'oka ubavu ni 3, na 6 iliyozibika ni 8, na simu ya mteja wako italia kwa mtu wa Geita asiyehusika. Bei zisichakazwe. Maelekezo ya dawa yasichakazwe. Na melini, maandishi ya majaketi ya kuokolea na ya mlango wa kutokea yawe safi na makubwa, bila ufundi wowote. Mji uliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, makaburi yao yako pale Igoma, hauhitaji kuelezwa kwa nini.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wa huku tunakipata zaidi ya wengine, ni ile alama ya juu kwenye ng'. Andika NG'OMBE kwa fonti chakavu. Mara nyingi alama hiyo haimo sandukuni, kompyuta inaazima ya fonti nyingine, basi inakaa pale safi, kama mgeni aliyevaa suti kwenye sherehe ya wavuvi. Au imo, lakini ni kipande kidogo kati ya vidoa vingine, msomaji anadhani ni uchafu. Ukitengeneza tangazo la ngoma za Bulabo kule Bujora ukataka kuandika jina la Ng'wanamalundi, shughuli unayo. Na kinyume chake kipo: kidoa kikidondoka mahali pabaya baada ya G, NGOMA inageuka NG'OMA, na Wasukuma watakucheka hadi mwakani. Ichore alama hiyo kwa mkono, iwe kubwa kuliko unavyodhani, na eneo linaloizunguka lisafishe.

Kuhusu leseni nitasema kidogo, kwa sababu najua hampendi. Fonti iliyoandikwa "bure kwa matumizi binafsi" si bure kwa bango la mteja. Zipo za leseni huria ambazo unaruhusiwa kuzitumia kwa biashara. Kwenye Google Fonts kuna Rubik Distressed, kwa mfano. Aliyekesha akichora naye ana kodi ya nyumba.

Lakini mimi sikuja kuwauzia fonti ya mtu. Mwaka 1990 Mmarekani Barry Deck alichora Template Gothic baada ya kuona kibao kilichoandikwa kwa stensili kwenye duka la kufulia nguo. Kibao cha kawaida, aliyekiandika hakuwa msanii. Herufi zile zikaenea duniani. Sasa nyie mnapita mwaloni kila siku.

Kesho saa 12 na nusu asubuhi, wale waliojiandikisha, tukutane Kirumba, upande mitumbwi inakovutwa nchi kavu. Njoo na karatasi nyembamba na krayoni nyeusi. Utalaza karatasi juu ya herufi, utasugua taratibu, na kovu litapanda lenyewe. A tunazitaka kumi, kila moja ya mtumbwi wake. K sita, I sita, N, W na M nne nne. Alama ya ng' yoyote mtakayoipata, hata iliyovunjika. Q hatuitafuti. Mkiikuta, niiteni niione.

Nimezungumza na wenye mitumbwi wamekubali. Mmoja tu ana sharti: upande wa kushoto wa mtumbwi wake tusiuguse, kaupaka rangi jana.